Majimbo, Ugatuzi na Kura ya Uthiru: Maneno Yaliyobeba Sera za Wagombea Urais wa Kenya

1. Utangulizi

Uthiru ni mtaa ulioko magharibi mwa jiji la Nairobi, kando ya barabara ya Waiyaki, msafiri akishapita Kangemi na kabla hajafika Kinoo. Jina hilo moja huonekana mara mbili katika orodha ya wadi za uchaguzi za Kenya. Wadi ya Uthiru/Ruthimitu imo katika eneo bunge la Dagoretti Kusini, Kaunti ya Nairobi. Wadi ya Uthiru imo katika eneo bunge la Kabete, Kaunti ya Kiambu. Siku ya uchaguzi mkuu kila mpiga kura hupewa karatasi sita: ya rais, ya gavana, ya seneta, ya mwakilishi wa wanawake, ya mbunge na ya mwakilishi wa wadi. Majirani wawili wa Uthiru, wanaonunua mboga katika soko moja na kungoja matatu katika kituo kimoja, waweza kupewa karatasi tano zenye majina tofauti kabisa. Ni karatasi ya rais peke yake inayofanana pande zote mbili za mpaka.

Karatasi hiyo moja ndiyo inayowalazimisha majirani hao kufanya kazi ya kulinganisha. Ni lazima wajiulize mgombea huyu anasema nini juu ya ardhi, elimu, afya na mgawanyo wa madaraka, na yule mwingine anasema nini juu ya mambo hayo hayo. Kazi hiyo hudhaniwa kuwa ni ya wanasiasa na waandishi wa habari tu. Lakini sera haimfikii mpiga kura ila kwa maneno, na nchini Kenya aghalabu maneno hayo ni ya Kiswahili, hata pale ambapo ilani ya chama imeandikwa kwa Kiingereza. Iwapo wagombea wawili wanatumia neno moja kwa maana mbili, au maneno mawili kwa maana moja, msikilizaji hulinganisha sauti akidhani analinganisha sera.

Makala haya yanachunguza neno moja lililofanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka arobaini, nalo ni *majimbo*, pamoja na neno *ugatuzi* lililokuja kushika nafasi yake. Hoja yake ni kwamba, kati ya masuala yote yaliyowatenganisha waziwazi wagombea wa Kenya, suala la mgawanyo wa madaraka ndilo lililokuwa zito kuliko yote, na ndilo ambalo wananchi walipewa nafasi ndogo kuliko zote ya kulilinganisha, kwa sababu neno lililolibeba halikupata kufafanuliwa mpaka lilipokwisha kuchafuka.

2. Jimbo kabla ya siasa ya vyama

Neno *jimbo* ni la zamani katika Kiswahili, na maana yake ya msingi ni sehemu ya nchi. Wakati wa utawala wa Mwingereza, Tanganyika iligawanywa katika majimbo, kama vile Jimbo la Ziwa na Jimbo la Kusini, na kila moja lilisimamiwa na mkuu aliyeteuliwa na Gavana. Jimbo la namna hiyo halikuwa na bunge lake wala kodi yake. Baada ya uhuru nafasi yake ikachukuliwa na mkoa, na neno likabaki katika Tanzania kwa maana ya jimbo la uchaguzi, yaani eneo linalomchagua mbunge mmoja. Kadhalika Kanisa Katoliki hulitumia kwa eneo lililo chini ya askofu. Na mwandishi anapoieleza Marekani au Ujerumani, husema kuwa nchi hizo zina majimbo, naye hapo anakusudia sehemu zenye mabunge, mahakama na sheria zake zenyewe.

Ni dhahiri basi kwamba neno hili limebeba mizigo isiyolingana. Kwa upande mmoja ni eneo dogo la kupigia kura. Kwa upande mwingine ni karibu dola kamili. Linataja sehemu ya nchi, lakini halisemi lolote juu ya ukubwa wa madaraka ya sehemu hiyo, wala juu ya nani mwenye haki ya kukaa ndani yake. Katika mazungumzo ya kila siku upungufu huo haudhuru, maana muktadha huusahihisha. Katika kampeni za kisiasa, ambamo muktadha wenyewe ndio unaogombewa, upungufu huo ni hatari.

3. Kenyatta na Ngala, 1960–1964

Vyama viwili vilivyogombea kuirithi serikali ya kikoloni vilizaliwa si mbali na Uthiru. KANU ilitokana na mikutano iliyofanyika Kiambu mwaka 1960; KADU iliundwa Ngong mwezi Juni mwaka huo huo. KADU iliongozwa na Ronald Ngala, mwalimu kutoka pwani, pamoja na Masinde Muliro wa magharibi na Daniel arap Moi wa Bonde la Ufa. Jomo Kenyatta alichukua uongozi wa KANU baada ya kuachiliwa kutoka kizuizini mwaka 1961.

Katika mwaka huo wa 1961 KADU iliikumbatia sera ya majimbo. Ilitaka nchi igawanywe katika sehemu zenye mabaraza ya kutunga sheria, ziwe na usemi juu ya ardhi, polisi na utumishi wa serikali, na Seneti iwekwe ili kuzilinda. Hoja yake ilikuwa kwamba makabila madogo yangemezwa na makabila makubwa iwapo madaraka yote yangekaa Nairobi. KANU ilitaka serikali moja yenye nguvu, ikasema kuwa majimbo yangeifukarisha nchi na kuirudisha katika ukabila. Katika mkutano wa Lancaster House, London, mwaka 1962, KANU ilikubali katiba ya majimbo ili uhuru usicheleweshwe, lakini haikuficha nia yake ya kuibadilisha.

Hapa wapiga kura walikuwa na jambo la kulinganisha, nao walilinganisha. Katika uchaguzi wa Mei 1963 KANU ilishinda, Kenyatta akawa Waziri Mkuu siku ya Madaraka, tarehe 1 Juni. Katiba ya uhuru iliweka majimbo saba: Pwani, Mashariki, Kati, Bonde la Ufa, Nyanza, Magharibi na Kaskazini Mashariki, Nairobi ikawa eneo la peke yake. Katika mwaka huo huo mipaka ya jiji ilipanuliwa na sehemu za Dagoretti zikaingizwa ndani yake. Mpaka unaoigawa Uthiru ya leo umetokana na kipindi hicho.

Hata hivyo, chini ya hoja za katiba palikuwa na hoja nyingine isiyotajwa sana katika hotuba rasmi, nayo ni ardhi. Kiambu ilikuwa imepoteza ardhi nyingi kwa walowezi tangu mwanzo wa karne, na familia nyingi za Wakikuyu zilikuwa zimekwenda Bonde la Ufa kufanya kazi katika mashamba ya Wazungu kama maskwota. Mlowezi akiondoka, nani angelimiliki shamba lake? Je, ni yule aliyelilima kwa miaka thelathini, au ni yule ambaye babu zake walilisha ng'ombe hapo kabla ya Mzungu kuja? Swali hilo ndilo lililomtia wasiwasi mfuasi wa KADU wa Bonde la Ufa, na ndilo lililomtia wasiwasi mtu wa Kiambu mwenye ndugu huko. Neno *majimbo* halikulijibu. Lilimwachia kila mmoja ajaze jibu lake.

KADU ilijivunja Novemba 1964, Kenya ikawa jamhuri tarehe 12 Desemba mwaka huo, na majimbo yakafutwa. Sehemu zile zile zikabaki zikiitwa mikoa, chini ya wakuu walioteuliwa na Rais. Kwa muda wa karibu miaka thelathini iliyofuata hapakuwa na wagombea urais wa kulinganishwa. Kenyatta hakupata mpinzani mwaka 1969 wala 1974. Moi hakupata mpinzani mwaka 1979, 1983 wala 1988. Neno likalala, lakini halikufa.

4. Kufufuka kwa neno, 1991–1997

Septemba 1991, shinikizo la vyama vingi lilipokuwa limezidi, baadhi ya wanasiasa wa KANU walifanya mikutano Kapsabet na Kapkatet katika Bonde la Ufa, wakatangaza kuwa vyama vingi vikija, basi na majimbo yarudi. Mwezi uliofuata mapigano yalianza katika mpaka wa Nandi, yakaenea hadi Molo, Olenguruone na Burnt Forest. Maelfu ya watu walichomewa nyumba na kufukuzwa katika mashamba waliyoyanunua au kugawiwa baada ya uhuru. Mwaka 1997, kabla ya uchaguzi, machafuko mengine yakatokea Likoni, pwani, na waliolengwa walikuwa watu wa bara.

Yafaa kuangalia kilicholipata neno katika miaka hiyo. Mwaka 1963 *majimbo* lilikuwa jina la mpango wa katiba ulioandikwa, wenye vifungu vilivyoweza kusomwa na kupingwa. Mwaka 1991 halikuwa na rasimu yoyote nyuma yake. Lilitamkwa jukwaani, na mara likafuatwa na moshi. Likapata na mwenzake, neno *madoadoa*. Katika Kiswahili cha kawaida neno hilo ni alama ndogondogo juu ya ngozi ya mnyama au juu ya nguo. Katika lugha ya machafuko likawa jina la watu wa makabila mengine waliotakiwa waondolewe ili eneo liwe la rangi moja. Mtu aliyefukuzwa Molo hakuhitaji kamusi ili ajue maana ya *majimbo*. Maana yake ilikuwa ni kufukuzwa.

Desemba 1992 Wakenya walipata kwa mara ya kwanza nafasi ya kumchagua rais kati ya wagombea zaidi ya mmoja. Walikuwa wanane, na wanne kati yao, yaani Moi, Kenneth Matiba, Mwai Kibaki na Oginga Odinga, ndio waliogawana takriban kura zote. Moi alishinda kwa kura zipatazo asilimia 36. Upinzani ulizungumza juu ya ufisadi, haki za raia na kupunguza madaraka ya Rais. Lakini namna ya kuyapunguza madaraka hayo kwa kuyapeleka nje ya Nairobi haikuwa rahisi kujadiliwa tena, maadam jina la pekee la jambo hilo lilikuwa limekwisha kunuka damu.

5. Kibaki, Odinga na Musyoka, 2007

Rasimu ya katiba iliyotolewa na mkutano wa Bomas mwaka 2004 iliyarudisha mezani madaraka ya mikoa na wilaya. Serikali iliibadilisha rasimu hiyo, na wananchi wakaikataa katika kura ya maoni ya tarehe 21 Novemba 2005. Alama za kura zilikuwa ndizi kwa waliokubali na chungwa kwa waliokataa. Ndiyo sababu chama cha upinzani kilichozaliwa baadaye, ODM, kilichukua jina la chungwa. Kwa muda wa miezi kadhaa mjadala mzima wa katiba uliendeshwa kwa majina ya matunda, na si wapiga kura wengi waliokuwa wameisoma rasimu yenyewe.

Wagombea watatu wakubwa wa mwaka 2007 walikuwa Rais Mwai Kibaki wa PNU, Raila Odinga wa ODM na Kalonzo Musyoka wa ODM-Kenya. Mtu aliyetaka kuzilinganisha sera za wawili wa kwanza angeona kwamba katika mambo mengi hawakupishana sana. Elimu ya msingi bila malipo ilikuwa imeanza Januari 2003, na sasa kila upande uliahidi kuyapanua manufaa hayo hadi shule za sekondari. Kila upande uliahidi barabara, kazi kwa vijana na vita dhidi ya ufisadi. Katika mambo hayo mpiga kura alikuwa na kazi ya kupima nani anaaminika zaidi kuliko kupima nani anasema nini.

Tofauti ya kweli ilikuwa katika mgawanyo wa madaraka. Kibaki alisimama upande wa serikali moja, inayopeleka fedha mashinani kwa njia ya mifuko maalumu. Mfano wake mkuu ulikuwa Hazina ya Maendeleo ya Maeneo Bunge, iliyoanzishwa mwaka 2003, na ambayo kwa sheria ya wakati huo ilipata angalau asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya serikali. Kwa mfumo huo fedha zilitoka Nairobi, lakini uamuzi wa kuzigawa ulibaki katika sheria ya Bunge na mikononi mwa serikali kuu. Odinga alitaka sehemu za nchi ziwe na serikali zake, zenye mamlaka na fungu la mapato linalolindwa na katiba. Hizi ni sera mbili zilizo wazi, na kila moja ina faida na hasara zake. Mtu wa Uthiru, anayeishi mahali ambapo Mkoa wa Kati ulipakana na Mkoa wa Nairobi, alikuwa na sababu njema ya kuuliza: kodi ya soko italipwa wapi, zahanati itasimamiwa na nani, na je, mpaka huo wa barabarani utakuwa mzito zaidi au mwepesi zaidi?

Maswali hayo hayakusikika, kwa kuwa sera ya pili iliitwa *majimbo*. Katika mikutano ya pwani neno hilo lilipokewa kwa shangwe, maana huko lilifahamika kuwa ni kurudishiwa ardhi na kupata sehemu ya mapato ya bandari. Katika sehemu za Bonde la Ufa liliamsha dai la kale la mashamba. Kiambu na Mkoa wa Kati kwa jumla lilisikika kwa maana ya Molo na Burnt Forest. ODM ilieleza kuwa majimbo yake si ya kumfukuza mtu, bali ni ya kugawana rasilimali kwa haki. PNU ikajibu kwamba yataigawa nchi na kuwanyang'anya watu mali yao. Kila upande ulisema na wafuasi wake, na kila mfuasi alilisikia neno kwa kumbukumbu ya mahali pake. Mgombea mmoja, kwa neno moja, alikuwa ameahidi mambo matatu katika sehemu tatu za nchi, hata kama mwenyewe alikusudia jambo moja tu.

Matokeo yalitangazwa tarehe 30 Desemba 2007: Kibaki kura 4,584,721, Odinga 4,352,993. Matokeo hayo yalikataliwa, na nchi ikaingia katika machafuko. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa na takriban 350,000 waliofukuzwa makwao. Tume nyingine, ya Jaji Johann Kriegler, ilieleza kuwa hesabu za uchaguzi ziliharibika kiasi cha kutoweza kujulikana mshindi. Barabara inayopita Uthiru ndiyo iendayo Naivasha na Nakuru, na katika Januari 2008 ilipitisha watu waliorudi kutoka Bonde la Ufa na vyombo vyao. Baadhi walipiga kambi katika kituo cha polisi cha Tigoni, karibu na Limuru. Waliofukuzwa katika mitaa ya Nairobi yenyewe walihifadhiwa katika uwanja wa maonyesho wa Jamhuri.

Haifai kusema kwamba neno ndilo lililosababisha msiba huo. Zilikuwako sababu nyingine nyingi: uhesabuji wa kura, magenge ya vijana yaliyolipwa, risasi za polisi, na dhuluma za ardhi ambazo hazikupata kusawazishwa tangu 1963. Lakini ni sawa kusema kwamba sera iliyostahili kupimwa kwa hesabu na vifungu ilipimwa kwa hofu na tamaa, na kwamba lugha ilichangia kuifanya hivyo.

6. Ugatuzi, 2010–2013

Baada ya mapatano ya Februari 2008 kazi ya katiba ilianza upya. Rasimu ya kwanza ya Kamati ya Wataalamu, iliyotolewa Novemba 2009, ilikuwa na ngazi ya mikoa na ngazi ya kaunti. Wabunge waliokutana Naivasha Januari 2010 waliiondoa ile ya mikoa. Zikabaki kaunti 47, zilizofuata wilaya zilizokuwa zikitambuliwa na sheria ya mwaka 1992. Katika orodha ya katiba Kiambu ni ya 22 na Nairobi ni ya 47. Katiba ilipitishwa katika kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010 kwa asilimia 67 ya kura, na Mkoa wa Kati uliikubali kwa wingi mkubwa.

Mwanafunzi wa lugha hawezi kuupita ukweli huu bila kutua. Watu walioyakataa majimbo mwaka 2007 kwa hofu ya roho zao waliukubali ugatuzi mwaka 2010, yaani serikali za sehemu zenye mabaraza, watendaji waliochaguliwa na angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Neno *ugatuzi* limetokana na kitenzi *gatua*, ambacho Tanzania imekitumia pia kuunda *ugatuaji wa madaraka*. Neno *kaunti* limekopwa kutoka Kiingereza. Yote mawili yaliingia kinywani mwa Mkenya bila kumbukumbu ya kijiji kilichochomwa.

Hata hivyo itakuwa kosa kudhani kwamba jina tu ndilo lililobadilika. Majimbo ya 1963 yalikuwa saba na makubwa, na kila moja liliweza kudhaniwa kuwa ni la kabila au kundi la makabila. Kaunti ni nyingi na ndogo, wala hakuna hata moja inayoweza kuitisha serikali kuu peke yake. Katiba ya 2010 inasema waziwazi kwamba kila raia ana haki ya kuingia, kukaa na kuishi mahali popote nchini, na haki ya kumiliki mali katika sehemu yoyote ya Kenya. Yaani swali ambalo *majimbo* liliwaachia watu wajijibie wenyewe sasa lilijibiwa kwa maandishi. Neno jipya lilisaidia kwa sababu lilikuja na maelezo yake. Laiti neno la kale lingalipewa maelezo hayo, huenda lingaliokoka.

Wagombea wanane wa mwaka 2013 walikutana katika mdahalo wa kwanza wa urais nchini, tarehe 11 Februari, katika shule ya Brookhouse, Nairobi, na mara ya pili tarehe 25 Februari. Wote waliukubali ugatuzi. Kwa hiyo ulinganisho ukahama kutoka swali la *kama* madaraka yagawanywe hadi swali la *kiasi gani* na *kwa upesi gani*. Hiyo ni hatua kubwa katika siasa ya nchi yoyote. Lakini midahalo hiyo, sawa na ile ya 2017 na 2022 ambayo baadhi ya wagombea wakuu hawakuhudhuria, iliendeshwa kwa Kiingereza kwa sehemu kubwa, ijapokuwa katiba ile ile inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Hoja zilizopimwa zilitolewa kwa lugha moja; miito ya mikutano ya hadhara ikatolewa kwa lugha nyingine.

7. Hasla na Azimio, 2022

Katika uchaguzi wa tarehe 9 Agosti 2022 wagombea walikuwa wanne: William Ruto, Raila Odinga, George Wajackoyah na David Mwaure. Ruto alipata asilimia 50.49 na Odinga asilimia 48.85. Mgawanyo wa madaraka haukuwa tena suala la kuwatenganisha. Uchumi ndio uliowatenganisha. Ruto aliahidi shilingi bilioni 50 za mikopo kwa wafanyabiashara wadogo, akauita mpango wake uchumi wa kutoka chini kwenda juu. Odinga aliahidi shilingi 6,000 kila mwezi kwa familia maskini. Hizi ni njia mbili tofauti: ya kwanza humkopesha mwenye biashara, ya pili humpa asiye na kitu. Tofauti hiyo ilistahili kujadiliwa kwa kirefu katika kila soko, likiwamo la Uthiru.

Lakini hapa pia maneno yalitangulia. *Hasla*, lililotoka katika Kiingereza cha mitaani, lilimkusanya mchuuzi, mwendesha bodaboda na hata tajiri aliyependa kujihesabu miongoni mwao. *Azimio*, jina la muungano wa Odinga, liliwakumbusha wasomaji wa historia Azimio la Arusha la 1967, bila kuichukua siasa yake. *Mashinani*, lililotumiwa na pande zote, hueleza mahali fedha zinapokwenda, lakini halisemi nani anayeamua zinakwenda kwa nani. Jambo moja la kutia moyo ni kwamba mwezi Aprili 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilitoa orodha ya maneno ya chuki, na *madoadoa* likawamo. Chombo cha umma kilikuwa kimekiri kuwa maana ya neno jukwaani si ile ya kamusini.

8. Hitimisho

Historia hii fupi yaonyesha kwamba mpiga kura wa Kenya hajakosa sera za kulinganisha. Alikuwa nazo mwaka 1963, alikuwa nazo mwaka 2007, na alikuwa nazo mwaka 2022. Alichokosa mara nyingi ni kipimo kimoja cha kuzipimia. Kipimo hicho chaweza kupatikana kwa maswali machache yanayoulizwa juu ya kila neno la kampeni: nani ataamua, nani atalipa, na nani atakuwa na haki ya kubaki alipo. *Majimbo* halikupata kujibu swali la tatu, na gharama yake imeandikwa katika ripoti ya Waki.

Kuna swali la nne lililoletwa na katiba mpya, nalo laonekana vizuri zaidi Uthiru kuliko katikati ya jiji. Soko, leseni ya biashara, zahanati, shule ya chekechea na uzoaji wa taka ni kazi za kaunti. Shule za msingi na za sekondari, polisi na hospitali kuu za rufaa ni kazi za serikali ya taifa. Mgombea urais anayeahidi kuliezeka soko anaahidi jambo ambalo upande mmoja wa mpaka ni la gavana wa Nairobi na upande wa pili ni la gavana wa Kiambu. Msikilizaji asiyejua hivyo atamlinganisha mgombea huyo na mwenzake kwa jambo lisilo mikononi mwa yeyote kati yao.

Kazi ya idara za lugha katika hali hii si ya kuchagua upande. Ni kutoa faharasa za istilahi za katiba kwa Kiswahili kinachoeleweka, kuzitafsiri ilani za vyama vyote kwa istilahi hizo hizo kabla kampeni hazijapamba moto, na kudai kwamba mdahalo wa urais ufanywe pia kwa lugha ya taifa. Kilomita chache kutoka Uthiru kuna kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi huko Kabete, ambako wanafunzi hufundishwa kuupima udongo kabla ya kupanda. Maneno ya kampeni nayo yanahitaji kupimwa namna hiyo kabla wananchi hawajapewa karatasi zao sita.